Neno Lililoanza kama Tusi



Mliponiomba nizungumze juu ya namna maana za maneno zinavyobadilika, huenda mlitarajia mhadhara wa nadharia. Nimechagua njia nyembamba zaidi. Nitashika kivumishi kimoja tu cha Kiingereza, chenye herufi nne, nikifuate kwa miaka mia saba na ushei. Kivumishi chenyewe ni "nice".

Kila aliyepita darasani hapa kwetu analijua neno hili. Chakula ni "nice", hali ya hewa ni "nice", mgeni ni "nice", shati ni "nice". Limebebeshwa mambo mengi kiasi kwamba walimu wa Kiingereza, huko Uingereza na huku kwetu, wamezoea kulipigia mstari mwekundu katika insha na kuandika pembeni kwamba mwanafunzi atafute neno lenye uzito. Wao wanaona neno lililochoka. Mimi naona neno lililopitia mengi kuliko karibu kila neno ambalo mwalimu angelipendekeza badala yake. Lilipoingia katika Kiingereza, mnamo mwaka 1300 hivi, lilikuwa tusi. Aliyeitwa "nice" alikuwa ameitwa mjinga.

Ninachotaka kukitetea jioni hii ni kwamba asili ya neno haiwezi kutuambia maana yake. Maana hufanywa na watu wanaosemezana, na anayetaka kuijua hana budi kuuliza neno lilisemwa lini, na nani, kumhusu nani. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu siku hizi tunao watu wengi, wasomi na wasio wasomi, wanaodhani kuwa wakishafukua mzizi wa neno katika Kilatini, Kiarabu au Kibantu, basi wamelimaliza neno hilo.

Tuanze na mzizi basi, tuone utatufikisha wapi. Warumi walikuwa na kitenzi "scire", kujua. Wakikitia kikanushi, walipata "nescius", yaani asiyejua. Kitenzi hichohicho cha kujua ndicho kilichozaa maneno mawili ambayo Kiingereza kinayaheshimu sana, "science" na "conscience", sayansi na dhamiri. Kwa nasaba, "nice" ni ndugu yao wa damu. Kilatini cha watu wa kawaida kilipokuwa kinageuka taratibu kuwa Kifaransa, "nescius" lilisuguliwa na ndimi za watu mpaka likabaki "nice", na katika Kifaransa cha karne ya 12 maana yake ilikuwa mpumbavu, mtu asiye na akili za maisha. Huko Hispania mzizi huohuo ulizaa "necio", na mpaka leo ukimwita Mhispania hivyo umemtukana. Neno moja, nchi mbili jirani: upande mmoja limebaki palepale, upande wa pili limevuka mlango wa bahari na kuanza maisha mengine.

Lilivuka na utawala. Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na kwa vizazi vingi Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, ya mahakama na ya watu wenye ardhi. Maelfu ya maneno ya Kifaransa yalimiminika katika Kiingereza, mengine ya sheria, mengine ya jikoni, mengine ya vita. "Nice" lilikuja katika msafara huo likiwa na maana yake ya Kifaransa. Geoffrey Chaucer, mshairi mkuu wa karne ya 14 aliyefariki mwaka 1400, analitumia mara kwa mara kwa watu wapumbavu na mambo ya kipumbavu. Msomaji wa leo anayempitia Chaucer haraka, akadhani kila aliyeitwa hivyo anasifiwa, atakuwa amesoma hadithi nyingine kabisa.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana hatua hii ya kwanza, kutoka "asiyejua" hadi "mpumbavu", inatuhusu sisi wenyewe. Kutojua ni hali. Asiyejua anaweza kuelezwa akajua. Upumbavu ni hukumu juu ya akili ya mtu. Umbali kati ya viwili hivi ni mkubwa, na bado lugha nyingi zimeuvuka bila kugeuka nyuma. Kiswahili nacho kimeuvuka kwa neno "mjinga". Katika miji ya pwani karne ya 19, mjinga alikuwa mgeni mpya aliyetoka bara, na hasa mtumwa aliyeletwa karibuni, ambaye hakuijua lugha ya mji wala desturi zake. Akishakaa, akizoea, akisema kama wenyeji wanavyosema, ujinga ulikuwa umemtoka. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alipowatangazia Watanganyika, na baadaye Watanzania, kwamba maadui wao ni ujinga, umaskini na maradhi, hakuwa anawaambia kuwa ni wapumbavu. Alikusudia kutojua, jambo linaloondolewa kwa shule na kisomo, na ndiyo maana mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee walioshika chaki kwa mara ya kwanza chini ya mwembe walikubali kwamba wanapigana na ujinga, wala hawakuona wametukanwa. Lakini mwite leo mtu mzima "mjinga" mbele ya wanawe, uone. Maana zote mbili ziko hai katika neno moja, na kila msemaji wa Kiswahili anajua, bila kufundishwa, ni ipi inayokusudiwa. Waingereza wa mwaka 1300 walilipokea "nice" likiwa limekwisha kufika upande wa pili, upande wa tusi.

Katika karne za 14 na 15 neno hili linatawanyika. Mpumbavu hajizuii, kwa hiyo likaanza kusemwa kwa mwasherati na mtu wa anasa. Mtu wa anasa huvaa kupita kiasi, kwa hiyo likahamia kwenye mavazi ya fahari. Anayependa starehe huwa mlegevu, kwa hiyo likawa la mvivu, kisha la mtu laini, dhaifu, asiyestahimili taabu. Mtu laini huona haya, hujitenga, haguswi ovyo, na neno likawa la mwenye haya. Anayejitenga huchagua, hutia kasoro chakula hiki na kitambaa kile, na neno likawa la mtu mteuzi asiyeridhika upesi. Nimezipanga hatua hizi kana kwamba zilifuatana kama shanga katika uzi, lakini kwa kweli zilikwenda pamoja, zikipishana na kupandana, katika mikoa na matabaka mbalimbali.

Jambo hili huwezekanaje? Watu hawakukaa kikao wakakubaliana kulihamisha neno. Tuchukue mfano wa kubuni. Padri mmoja wa karne ya 15 anamwona kijana wa ikulu amevaa joho lenye mikono mirefu inayoburuta chini, analiita "nice". Yeye anakusudia vazi la kipumbavu. Msikilizaji wake, ambaye analitamani vazi hilo, anasikia kuwa ni vazi la anasa, la kazi nyingi, la mtu asiyefanya kazi za mikono. Sentensi ni moja, wote wawili wameridhika kwamba wameelewana, na hakuna aliyegundua kuwa kila mmoja amekwenda nyumbani na maana yake. Kesho msikilizaji atalitumia neno kwa maana aliyoisikia. Mabadiliko ya maana hupita mara nyingi katika nafasi kama hii, pale ambapo mazungumzo yanaruhusu tafsiri mbili na hakuna anayelazimika kuchagua.

Waliofanya kazi ya kuzitenganisha maana hizi walikuwa watu wa kamusi kubwa ya Oxford, na kazi yao nairudia kila mwaka mbele ya wanafunzi wangu kwa heshima isiyopungua. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884, ya mwisho mwaka 1928. Wasomaji wa kujitolea, wengi wao watu wa kawaida majumbani mwao, walinakili sentensi kutoka vitabu vya zamani kwenye vipande vya karatasi na kuvituma kwa posta, mamilioni ya vipande. Herufi N ilikuwa mikononi mwa Mskoti William Craigie, mwanachuoni aliyejiunga na uhariri baada ya kazi kuanza. Ilipofikia "nice", kamusi hiyo, ambayo imejengwa juu ya kupambanua, ilikiri waziwazi kwamba mfuatano wa maana hauko wazi kabisa, na kwamba katika mifano mingi ya karne za 16 na 17 ni vigumu kusema mwandishi alikusudia maana ipi. Wahariri hao walikuwa na ushahidi mwingi kuliko mtu yeyote aliyewahi kulichunguza neno hilo, na walikuwa na ujasiri wa kuliacha bila jibu pale ambapo jibu halikuwapo.

Karne hizo mbili ndizo za Shakespeare, na hapa historia ya kivumishi hiki inaingia moja kwa moja katika Kiswahili. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Tafsiri ya kwanza ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, ikafanyiwa marekebisho na kutoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule ilipotoka Mabepari wa Venisi. Katika tamthilia zote mbili "nice" limo, na halina maana moja. Katika ile ya kwanza, Brutus na Cassius wanagombana hemani kabla ya vita. Brutus amemhukumu mtu mmoja kwa kupokea rushwa, na Cassius analalamika kwamba katika wakati wa hatari kama ule si sawa kila kosa kukemewa. Kosa lenyewe analiita "nice". Anakusudia kosa dogo, la kupuuzwa. Katika ile ya pili, Portia anamwambia Mwanamfalme wa Morocco kwamba katika suala la mume yeye haongozwi na macho tu ya msichana, na uongozi huo wa macho unaitwa "nice", yaani wa kuteuateua, wa kutoridhika upesi.

Mfasiri anayekaa mezani na kurasa hizo hana pa kujificha. Mhakiki anaweza kuandika kwamba neno lina utata akaendelea na safari. Mfasiri lazima aandike neno la Kiswahili, mstari kwa mstari. Akilipokea neno kwa maana iliyomo mitaani leo, Cassius atakuwa anatetea kosa zuri, na Portia atakuwa anayasifu macho yake mwenyewe. Watu wengi wanadhani ugumu wa Shakespeare uko katika maneno yaliyokufa, yale ambayo msomaji akiyaona anajua kuwa hayajui. Ugumu mkubwa zaidi uko katika maneno yaliyo hai yaliyobadilika, maana hayo msomaji anaamini anayajua na hafungui kamusi. Ningependa kila anayefundisha tamthilia za zamani katika shule zetu aanze na maneno ya namna hii, kabla hata ya kueleza mitindo na dhamira.

Kutoka kwa mteuzi neno lilipiga hatua ambayo mimi naiona kuwa ya kupendeza kuliko zote. Mtu asiyeridhika upesi ni mtu anayeona tofauti ndogo ambazo wengine hawazioni. Sikio lake linasikia sauti iliyopotoka kidogo, jicho lake linaona mshono uliopinda. Kwa hiyo neno likawa la mtu makini, mwenye kupima kwa uangalifu. Halafu likatoka kwa mtu likaenda kwa kazi: shughuli inayohitaji umakini nayo ikawa "nice". Likaenda kwa chombo: mizani inayopima kwa usahihi. Likaenda kwa fikra: tofauti nyembamba kati ya hoja mbili. Jumuiya ya kifalme ya wanasayansi ilianzishwa London mwaka 1660, na katika zama hizo za vipimo, darubini na majaribio, kivumishi hiki kikawa mojawapo ya njia za kusema kwamba jambo limefanywa kwa usahihi wa hali ya juu. Tazama kilichotokea. Neno lililoanza likimaanisha "asiyejua" sasa linamsifu anayejua kwa undani. Limemrudia ndugu yake, sayansi, bila yeyote kati ya waliolitumia kukumbuka kwamba walikuwa ndugu. Kama asili ingekuwa na nguvu ya kuiongoza maana, jambo hili lisingeweza kutokea.

Samuel Johnson alichapisha kamusi yake mashuhuri mwaka 1755, kazi ya takriban miaka tisa yenye maneno kama 42,000. Maana anazozipa "nice" ni hizi za usahihi, uangalifu na uteuzi, na anaongeza kwamba mara nyingi neno hutumiwa kulaumu uangalifu uliopita mpaka. Maana ya kupendeza, ile ambayo mtoto wa leo anaijua peke yake, haimo. Lakini ilikuwa tayari njiani. Katika nusu ya pili ya karne hiyo inaonekana wazi katika maandishi, na njia yake moja bila shaka ilikuwa mezani. Chakula kinachomfaa mtu mteuzi ni chakula kizuri. Ukikisifu kuwa kinafaa mdomo unaochagua, umesema kuwa ni kitamu. Kikishakuwa kitamu chakula, matembezi nayo yanaweza kuwa matamu, na mazungumzo, na jirani.

Hapa ndipo anapoingia Jane Austen, na sijui ukurasa wowote wa fasihi ambamo mabadiliko ya neno yamekamatwa yakiwa katikati ya safari kama alivyoyakamata yeye. Riwaya yake Northanger Abbey aliiandika kwa mara ya kwanza katika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Mwaka 1803 aliiuza kwa mchapishaji mmoja kwa pauni 10, na mchapishaji akaiweka kabatini. Ilirudishwa kwa familia mwaka 1816, na ikatoka Desemba 1817, miezi mitano baada ya Austen kufariki. Ndani yake kuna matembezi juu ya kilima kimoja karibu na mji wa Bath. Catherine Morland, binti wa miaka kumi na saba, anamwuliza Henry Tilney kama haoni kwamba riwaya ya Ann Radcliffe anayoipenda, The Mysteries of Udolpho, ndiyo kitabu kilicho "nice" kuliko vyote. Henry anajifanya amesikia kwamba anazungumzia unadhifu, kana kwamba suala ni jalada. Dada yake, Eleanor, anamwonya Catherine kwamba kaka yake ana tabia hiyo, na kwamba atawaletea Johnson na Blair, mtaalamu wa balagha. Henry haachi. Anaendelea kueleza kwamba siku hizi neno linasemwa kwa kila kitu, kwa siku, kwa matembezi, kwa wasichana wawili wanaotembea, ilhali hapo awali huenda lilitumika tu kwa unadhifu, adabu na ulaini wa ladha.

Ni kijana mwenye akili, amesoma, na anachekesha. Hata hivyo "hapo awali" yake si ya awali. Maana anayoilinda kama ya asili ilikuwa ya karne moja au mbili tu kabla yake, na kabla ya hapo neno lilikwisha kuwa la haya, la uvivu, la uasherati, la upumbavu. Angetaka kweli kulirudisha kwenye asili, angelazimika kuwaita wasichana wale wajinga. Wasomaji wengi huitaja sehemu hii kama ushindi wa Henry. Mimi nasimama na Catherine. Yeye alitaka kusema kwamba kitabu kimemfurahisha, akatumia neno ambalo watu wa rika lake walilitumia kwa kazi hiyo, na kila aliyekuwa juu ya kilima kile alimwelewa, Henry akiwa wa kwanza. Austen mwenyewe, katika barua alizomwandikia dada yake, analitumia neno hilo kwa maana ya Catherine bila kuomba radhi.

Malalamiko ya Henry yalikuwa na watoto wengi. Mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza ambacho kwa miongo mingi waandishi na wahariri walikiweka mezani, aliandika kwamba neno hili limependwa mno na wanawake, na kwamba kwa kulipenda wameliondolea sura yake yote, likabaki la kusambaza tu hisia hafifu ya kupendeza. Namheshimu Fowler kwa mengi. Hili siwezi kuliacha lipite. Kwanza, wanaume waliandika na kusema neno hilo kwa maana hiyohiyo. Pili, tunaposikia kwamba wanawake, au vijana, au watu wa mtaa fulani wameharibu lugha, mara nyingi tunasikia habari za anayelalamika kuliko habari za lugha. Na tatu, huko alikokuita Fowler kusambaza tu hisia hafifu ni kazi halisi ambayo kila jamii inaihitaji.

Sisi tunaijua kazi hiyo kuliko Waingereza. Mtu akikuuliza, "Habari za nyumbani?", unajibu, "Nzuri." Unajibu hivyo hata kama usiku mzima ulikesha na mgonjwa. Ukishajibu ndipo unapoendelea, "ila mtoto anaumwa." Hakuna anayekushitaki kwa uongo. "Nzuri" ya kwanza haikuwa taarifa ya hali ya nyumba. Ilikuwa mlango uliofunguliwa, ikithibitisha kwamba baina yako na aliyekusalimu pana amani na mazungumzo yanaweza kuendelea. Mgeni anayemwambia mwenyeji kwamba chakula ni "nice" hafanyi uhakiki wa mapishi. Anaushika uhusiano wao usidondoke. Kivumishi kilichopoteza makali ya kupima kilipata nafasi ya kutunza watu, na mimi siwezi kuita hilo uharibifu. Mwalimu anayekikata katika insha ya maelezo ana haki, kwa sababu insha ya maelezo inataka vipimo. Ila asimwambie mtoto kwamba neno halina maana.

Si kila neno hupanda. Wakati "nice" likipanda kutoka tusi kuelekea sifa, jingine lilikuwa likishuka. "Silly", ambalo leo ni mpumbavu au jambo la kijinga, katika Kiingereza cha kale lilimaanisha mwenye heri, aliyebarikiwa. Binamu yake wa Kijerumani, "selig", bado anamaanisha hivyo. Aliyebarikiwa ni mtu mwema asiye na hatia, asiye na hatia huonewa, anayeonewa huhurumiwa, na anayehurumiwa sana huanza kuonekana hana akili ya kujitetea. Kufikia mwisho wa karne ya 16 neno lilikwisha kufika kwenye upumbavu. Jambo linaloniuma katika historia hii ni kwamba halikushushwa na chuki. Lilishushwa na huruma, huruma ya wenye nguvu wanaomtazama mnyonge kutoka juu. C. S. Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya maneno, alionyesha namna maneno ya cheo yanavyogeuka kuwa maneno ya tabia, na nadhani alikuwa sahihi. "Gentle" lilianza kwa aliyezaliwa katika ukoo bora, likaishia kwa mpole. Muungwana wetu alianza kuwa mtu huru asiye mtumwa, akaishia kuwa mwenye adabu. Ndani ya sifa hizo mbili zinazosikika njema yamo matabaka ya watu, na waliokuwa nje ya matabaka hayo hawakuulizwa.

Kivumishi chetu nacho kilishika kazi hiyo ya kubagua. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, familia za tabaka la kati Uingereza ziliposema kwamba fulani si mtu "nice", hazikuwa na maana kwamba hapendezi. Zilimaanisha kwamba hafai kualikwa, kwamba ukoo wake, lafudhi yake au kazi ya baba yake havikidhi. Umakini wa zamani wa kupima tofauti ndogo ulikuwa umerudi, safari hii ukipima watu. Msomaji wa riwaya za kipindi hicho akilisikia neno kama tabasamu tu, atashindwa kuelewa kwa nini msichana analia baada ya kuambiwa kwamba marafiki zake si "nice".

Siku hizi kivumishi hiki hutolewa peke yake kama jibu, bila nomino, katika ujumbe wa simu. Rafiki anaeleza kwamba amepata chumba karibu na kazini, jibu linakuja neno moja. Hapo hakielezi chumba. Kinasema nimepokea, nimefurahi nawe, endelea. Na kikisemwa kwa sauti ya kushuka mbele ya gari lililokwama matopeni, kinageuka kuwa lawama, matumizi ambayo nayo yana zaidi ya karne moja.

Maana ya kale ya usahihi bado ina makao, hasa kwa wanasheria. Wanafunzi wa sheria mlioko hapa, ambao mtasoma hukumu za Kiingereza zilizoandikwa London na za mahakama zetu zilizorithi lugha hiyo, mtakutana na jaji anayesema kwamba hoja iliyo mbele yake ni "nice". Hajaipenda wala hajaikataa. Anasema ni hoja nyembamba, yenye pande mbili zinazokaribiana, na kwamba aya zinazofuata atazitumia kuzitenganisha. Wakili anayeijua maana hiyo ataendelea kusoma polepole kutoka hapo, kwa sababu kesi yenyewe imeanzia hapo.